Mnaenda kupanda (kuanzisha) kanisa kijijini na familia? Someni hapa kwanza

Kuna familia za wamishenari zinaingia kijijini hapa Tanzania na spika, jenereta na turubai, Jumapili ya kwanza watu wanafurika, miezi mitatu baadae wamebaki bibi wawili na watoto wanaosubiri biskuti. Shida sio mahubiri, shida ni haraka.

Anzeni na makaratasi. Kanisa jipya linasajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, ila kama mko chini ya dhehebu lililokwisha sajiliwa basi njooni na barua yao ya utambulisho. Mnaotoka nje ya nchi mnahitaji kibali cha ukaazi pia, wamishenari huwa ni daraja C. Mkifika, barua ianzie kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji halafu mwenyekiti wa kitongoji, msimruke hata mmoja maana mliyemruka ndo atakayesimama kwenye mkutano kuuliza hawa ni kina nani na wametumwa na nani. Kama kuna kanisa lingine au msikiti, nendeni mkapige hodi na huko.

Mwaka wa kwanza msijenge kitu, yaani hata msingi. Pangeni nyumba katikati ya watu, sio ile ya pembeni yenye geti, na mjifunze lugha. Najua mtasema Kiswahili kinatosha, kweli sokoni kinatosha, lakini jikoni na msibani watu wanacheka na kulia kwa lugha ya kwao. Krapf, mmishenari Mjerumani, alifika Mombasa 1844, mwaka huohuo akampoteza mke na mtoto mchanga kwa malaria, na bado aling'ang'ana na Kiswahili hadi akaacha kamusi iliyotoka 1882, yeye keshafariki. Kwa hiyo mambo mawili kwa mpigo: lugha, na chandarua kila usiku, mtoto akichemka apelekwe zahanati kupimwa siku ileile, msianze kuombea na kusubiria kesho (ombeni mkiwa kwenye bodaboda).

Msiba ukitokea acheni kila kitu muende. Baba akakae na wanaume nje, mama aingie jikoni na kina mama, amenye viazi au achote maji, asikae kwenye kiti cha mgeni. Rambirambi toeni kiasi wanachotoa wengine, sababu mkitoa donge nono siku ya kwanza mnakuwa benki ya kijiji na hapo hamtakuwa tena majirani. Kiukweli msiba mmoja mliokesha utawafungulia milango kuliko mikutano ya injili mitano.

Ibada ianze nyumbani kwa mwenyeji, au chini ya mti, na ifuate msimu, wakati wa palizi hamna mtu atakayekaa masaa matatu. Kibodi kiacheni mjini. Wagogo wa Dodoma wanamsifu Mungu kwa ngoma na zeze na hakuna aliyeanguka imani, sasa wewe unaleta kinanda cha betri cha nini?

Kiwanja msinunue kimyakimya kwa mzee mmoja. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia, kwa hiyo subirini mkutano, ombeni nakala ya muhtasari wenye muhuri, na hati iandikwe kwa jina la wadhamini wa kanisa, sio la mchungaji wala la mzungu.

Viongozi wapatikane mapema hata kama hawajui kuhubiri vizuri. Sadaka ihesabiwe na wenyeji wawili tangu wiki ya kwanza, hata ikiwa mayai sita na debe la mahindi, na ufunguo wa sanduku usilale nyumbani kwenu.