Ukitaka kuona sanaa ya ajabu, anza kuuliza imetengenezwa na nini

Watu wananiuliza sana hizi kazi ninazotuma kwenye magrupu nazitoa wapi, na jibu langu siku zote ni lilelile, acha kutafuta majina tafuta vitu. Ukiandika msanii maarufu Google itakuletea walewale ambao kila mtu anawajua. Lakini chukua kitu kimoja unachokijua vizuri, dumu, kizibo, kopo la soda, gome la mti, tafuta sanaa iliyotengenezwa na hicho kitu, na usiishie Kiswahili, tafuta kwa Kiingereza na Kifaransa pia maana Kongo na Afrika Magharibi mambo yao mengi yako kwa Kifaransa.

Tuanze na dumu. Romuald Hazoumè wa Benin anayakata madumu yanakuwa vinyago, pale pa kumiminia panakuwa mdomo, mshikio unakuwa pua, na unaona kabisa ni sura ya mtu fulani mwenye tabia zake. Kule kwao madumu ndio yanabeba petroli ya magendo kutoka Nigeria kwa pikipiki. Sasa akachukua madumu 304 akayapanga chini kwa umbo la meli ya watumwa, kazi inaitwa La Bouche du Roi, British Museum waliionyesha 2007. Kutoka kwenye dumu mimi nikafika kwenye vizibo, El Anatsui, Mghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka Nigeria, vizibo vya chupa za pombe vinagongwa vinakuwa bapa vinashonwa kwa waya wa shaba mpaka linakuwa kama shuka kubwa la ukuta mzima, na kila wanapolitundika mikunjo inakaa tofauti, yani kazi ileile haijirudii. Kutoka kwenye vizibo nikafika kwenye makopo, Dickens Otieno wa Nairobi anachana makopo ya soda vipande vyembamba anavisuka kama mkeka, na 2022 alikuwa kwenye banda la Kenya kule Venice, Italia, kwenye yale maonyesho makubwa ya sanaa yanayoitwa Biennale. Umeona? Kitu kimoja kimenivusha nchi tatu nne na sikuhitaji kujua jina hata moja mwanzoni.

Na Venice hiyo usiiogope, inakuja kila baada ya miaka miwili, ni kama mabanda ya Sabasaba ila kila nchi inaleta wasanii wake, orodha iko wazi mtandaoni, we isome nchi moja moja, ruka zile kubwa nenda kwenye ndogo. Uganda walipeleka banda lao la kwanza 2022 wakatajwa kwa heshima maalumu na majaji, na Acaye Kerunen alijaza pale kazi za kusuka na kushona za mikono ya kinamama. Karibu zaidi na sisi kuna Lubumbashi, Kongo, kituo kinaitwa Picha, ndio wanaandaa biennale yao, na mji ule watu wanaongea Kiswahili kama sisi.

Ukiwa mbele ya kazi yenyewe soma kile kikaratasi cha pembeni, ila anza na mstari wa malighafi, jina baadaye. Mimi mstari mmoja wa hivyo ulinifundisha neno lubugo. Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi, hachori kwenye turubai, anachora kwenye lubugo, kile kitambaa cha gome la mti wa mutuba ambalo Waganda wanaligonga kwa nyundo za mti mpaka lilainike, na desturi yao ni kuzikia watu. Lina matundu, lina mishono, na yeye hayafichi, tundu linaangukia shingoni au katikati ya anga na mchoro unakubaliana nalo. Kwenye simu hulioni hilo, hata ukivuta picha vipi, kwa hiyo ukipata nafasi ya kusimama karibu simama, alafu sogea pembeni uangalie kwa ubavu.

Sehemu ya pili ya kutafuta ni miguu. Nenda zinakotengenezwa. Kuna vituo vyenye studio za wasanii, Dar kuna Nafasi Mikocheni, wasanii wako kwenye makontena, Nairobi kuna Kuona, Kampala kuna 32° East. Nenda siku ya kawaida mchana, sio usiku wa ufunguzi, usiku ule watu wanazipa kazi mgongo wanaongea. Msalimie msanii, mwache amalize anachofanya, muulize hiki ulianzaje, na kabla hujaondoka muulize kazi ya nani imemshtua siku hizi. Hilo swali la mwisho ni dhahabu, jina atakalokupa huwa bado halijafika popote. Na Instagram yake angalia picha alizotagiwa na wenzake, mara nyingi humo ndio unaona studio na majaribio.

Sasa utajuaje kama ni ubunifu au ni ajabu tu? Mimi naihamisha kichwani, naiwaza ikiwa imetengenezwa na kitu kingine. Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Turner Prize 2017, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, alichukua sahani za zamani za kizungu akachora juu yake sura za watumwa na matajiri wa Lancaster, bandari ya Uingereza iliyofanya biashara ya watumwa. Hamishia mchoro huo kwenye karatasi, nusu ya maana inapotea, kwa sababu kwenye sahani ndipo matajiri walikuwa wanaula utajiri wenyewe. Miwani ya Cyrus Kabiru, msanii wa Nairobi, vilevile, baba yake alimwambia kama unataka miwani tengeneza yako, akatengeneza kweli, kwa takataka za Nairobi. Kama ukihamisha na hakuna kinachopungua, hiyo ni pambo, na pambo sio dhambi.

Ila usidharau kitu kwa sababu umekizoea. Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968 hakuwa na turubai wala rangi za wasanii, alichukua hadibodi na rangi ya baiskeli. Ukipita Morogoro Stores, pale Oysterbay Dar wanapochorea wachoraji wa Tingatinga, ingia, pita zile twiga zinazofanana, muulize fundi aliyekaa nyuma kama kuna kazi aliyoichora kwa ajili yake mwenyewe, na omba ruhusa kabla hujapiga picha.