Soya ikigeuka manjano, jibu liko kwenye mbegu

Chutama kwenye mstari wa soya wiki chache baada ya kuota, uangalie majani machanga ya juu. Jani likiwa la manjano huku mishipa yake ikibaki kijani kibichi, mara nyingi mmea umekosa madini ya chuma. Manjano ikianzia majani ya chini, yaliyozeeka, mara nyingi ni upungufu wa naitrojeni. Ndiyo maana mkulima wa Ruvuma au Mbeya, ambako udongo mwingi una tindikali na chuma huyeyuka kwa urahisi, ang'oe kwanza mche atazame vinundu vya mizizi, vinavyoupa mmea naitrojeni, kabla ya kulaumu chuma.

Wanaolijua tatizo hili vizuri ni wakulima wa bonde la mto Red, kati ya North Dakota na Minnesota, Marekani. Mashamba yao yako juu ya sakafu ya ziwa la kale, udongo umejaa chokaa na pH yake (kipimo cha tindikali; juu ya 7 tindikali haipo) mara nyingi hupita 7.5. Chuma kimo tele, ila hakiyeyuki. Mizizi ya soya hutoa asidi ili kukilegeza, na chokaa huizima asidi hiyo. Maji yakituama, chumvi ikizidi au naitreti (naitrojeni iliyoyeyuka kwenye maji ya udongo) ikibaki nyingi ardhini, mche hudhoofika zaidi.

Kunyunyizia chuma majani yakishageuka rangi hakuaminiki. Usitegemee kuokoa mavuno kwa njia hiyo. Uamuzi mkubwa unafanyika siku ya kununua mbegu. Aina mbili zikipandwa bega kwa bega kwenye udongo huo, moja inaweza kustawi na ya pili ikapauka hadi kufa. Chuo Kikuu cha Jimbo la North Dakota hujaribu aina nyingi kwenye mashamba yenye shida hii na kuzipa alama 1 hadi 5: 1 ni kijani, 5 ni mbaya kabisa. Angalieni sana hapa, kwa sababu baadhi ya kampuni za mbegu huhesabu kinyume, 9 ikawa ndiyo bora. Soma maelezo ya alama kabla hujatoa pesa.

Msimamo wangu ni huu: penye manjano kila mwaka, tanguliza ustahimilivu, mavuno yafuate. Sehemu nzuri ya shamba ipe mbegu yake ya mavuno makubwa, maana aina stahimilivu huweza kuzidiwa pale pasipo na shida. Kwa hiyo zunguka shambani manjano ikionekana, uweke alama kwenye ramani, kisha upime chokaa na chumvi za mabaka hayo.

Pakiwa pabaya sana, ongeza mbolea ya chuma aina ya EDDHA, ambayo chuma chake hubaki kimeyeyuka hata penye chokaa, kwenye mfereji wa mbegu wakati wa kupanda, na usogeze mbegu karibu karibu ndani ya mstari. Wengine huchanganya shayiri ili inywe maji na naitreti ya ziada, halafu huiua kwa dawa ikiwa na urefu wa sentimita 25 hivi, kabla haijaanza kuinyang'anya soya.