Somo: Pimeni magonjwa ya zinaa kabla ya kutafuta mtoto

Wenza wakishakubaliana kutafuta mtoto, wengi huanza na kalenda: siku za hatari, ute, joto la mwili. Kipimo cha magonjwa ya zinaa hukumbukwa mimba ikigoma mwaka mzima, au mama anapotolewa damu kliniki tumbo likiwa tayari linaonekana. Leo tunageuza mpangilio. Vipimo kwanza, wote wawili, mkiwa bado mnatumia kinga.

Hatua ya 1: Msisubiri dalili

Klamidia ni ya kimyakimya. Wanawake wengi walio nayo hawasikii kitu, na wanaume wengi vivyo hivyo. Kwa mwanamke ikipanda kutoka shingo ya kizazi hadi kwenye mirija, huweza kuacha makovu. Kovu likiziba mirija yote miwili, yai na mbegu havikutani. Likiubana mrija bila kuuziba, yai lililorutubishwa linaweza kukwama humo na mimba ikatunga nje ya kizazi, jambo la kuhatarisha maisha ya mama. Kisonono kinaweza kufanya hayohayo. Mwanamume naye hajasalimika: maambukizi yakishuka hadi kwenye kijirija cha nyuma ya korodani, njia ya mbegu inaweza kuziba.

Kaswende ina ujanja wake. Kidonda cha kwanza hutokea wiki 3 hivi baada ya kuambukizwa, kwa kawaida hakiumi, na hupona chenyewe bila dawa. Mtu anashukuru Mungu, kumbe vimelea viko kwenye damu. Mimba ikiingia katika hali hiyo inaweza kuharibika, mtoto akazaliwa mfu, au akazaliwa na kaswende.

Hatua ya 2: Tajeni vipimo kwa majina

Ukisema tu "nataka kupima afya", unaweza kupimwa presha na sukari ukarudi nyumbani. Sema: damu kwa ajili ya VVU, kaswende na homa ya ini B, mkojo au ute wa ukeni kwa ajili ya klamidia, kisonono na trikomonasi (ugonjwa mwingine wa zinaa). Kipimo kizuri cha hayo matatu ya mwisho ni kile cha kutafuta vinasaba vya vimelea, yaani PCR. Mwanamume atoe mkojo wa mwanzo, na awe hajakojoa kwa angalau saa 1.

Kama mmoja wenu amekuwa na mtu mwingine karibuni, msiridhike na majibu ya leo. Klamidia huhitaji takribani wiki 2 ili ionekane, na kwa VVU na kaswende kipimo hurudiwa baada ya miezi 3.

Mwanamke apimwe pia dalili za awali za saratani ya shingo ya kizazi kama muda wake umefika, maana kutibu mabadiliko ya pale ni rahisi zaidi kabla ya mimba. Ulizeni pia chanjo ya homa ya ini B.

Hatua ya 3: Tibiweni pamoja, si mmoja mmoja

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mke anameza dawa, mume anasema yeye hana shida, usiku wanakutana, na baada ya mwezi mke yuko tena kwenye foleni akiambiwa ana "ugonjwa sugu". Hakuna usugu hapo, ni kutia maji kwenye pakacha. Mwenza hutibiwa hata kama hana dalili, na hamkutani kimwili hadi siku 7 zipite tangu wote wawili mmalize tiba.

Klamidia kwa kawaida hutibiwa kwa doksisaiklini kwa siku 7. Dawa hiyo huepukwa kwa mjamzito, ambaye hupewa nyingine. Kisonono kimekuwa kikizishinda dawa moja baada ya nyingine, kwa hiyo leo tegemeo kubwa ni sindano ya seftriaksoni. Vidonge alivyopona navyo rafiki yako miaka ile achana navyo. Kaswende ni sindano ya penisilini: moja ikiwa ni ya mapema, tatu kwa wiki tatu ikiwa imekaa muda mrefu au haijulikani ilianza lini.

Neno moja kuhusu ndoa. Majibu ya klamidia hayasemi aliyeileta ni nani wala lini, maana inaweza kukaa mwilini miezi mingi bila kujulikana. Msigeuze karatasi ya maabara kuwa hati ya mashtaka.

Hatua ya 4: Rudieni kipimo

Baada ya miezi 3, klamidia na kisonono vipimwe tena, kwa sababu kuambukizwa upya ni jambo la kawaida. Msikimbilie PCR ndani ya wiki 4 za kwanza. Inaweza kuokota mabaki ya vimelea vilivyokufa na kuwatia hofu bure. Aliyetibiwa kaswende hufuatiliwa kwa damu hadi kiwango cha kingamwili za kaswende kionekane kinashuka. Kondomu iendelee. Mwanamke aanze asidi ya foliki mikrogramu 400 kila siku, angalau mwezi 1 kabla ya kutafuta mimba.

Hatua ya 5: Sasa acheni kinga

Mwanamke aliye chini ya miaka 35 ajipe mwaka 1 wa kujaribu kabla ya kumwona daktari, aliyefikisha 35 ajipe miezi 6. Ila aliyewahi kuugua maambukizi ya nyonga au mimba ya nje ya kizazi asingoje: amwone daktari mapema kwa kipimo cha mirija, na mume apime mbegu. Mimba ikishika, pimweni tena kliniki hata kama majibu ya mwanzo yalikuwa safi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mimi ninaishi na VVU, mume wangu hana. Je, tunaweza kupata mtoto bila kumwambukiza?

Ndiyo, dada. Ukitumia ARV kila siku na virusi vikashuka hadi visionekane kwenye kipimo, na hali hiyo ikadumu, humwambukizi mumeo kwa tendo la ndoa. Kabla hujafikia hapo, yeye anaweza kutumia PrEP, yaani dawa za kumkinga asiye na VVU asiambukizwe. Kwa mtoto: bila dawa yoyote, uwezekano wa kuambukizwa wakati wa mimba, kujifungua na kunyonya ni asilimia 15 hadi 45, kwa tiba nzuri hushuka chini ya asilimia 5. Mweleze mtoa huduma mpango wenu mapema ili apime wingi wa virusi kabla hamjaacha kondomu.

Swali: Nilitibiwa klamidia zamani. Mirija yangu itakuwa imeziba?

Si lazima. Wengi waliotibiwa mapema hushika mimba kama kawaida. Hatari hupanda kadiri maambukizi yanavyojirudia au yanavyocheleweshwa. Ila ujue kwamba dawa huua vimelea, haifuti kovu lililokwisha kutokea. Ukishika mimba, fanya altrasaundi mapema kuhakikisha imetunga ndani ya kizazi. Ukipata maumivu makali ya tumbo upande mmoja, kutokwa damu au kizunguzungu, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Swali: Mume anasema majibu yangu yanatosha, nikiwa mzima naye ni mzima.

Kaka anakosea. Mmoja anaweza kuwa na VVU au kaswende na mwenzake bado hajaambukizwa. Na hapa kuna jambo zito: mama anayeambukizwa VVU akiwa tayari mjamzito au ananyonyesha huwa na virusi vingi sana kwenye damu, na mtoto huwa hatarini zaidi. Kama anaona aibu kukaa foleni na akina mama, aende peke yake siku nyingine. Majibu ni yaleyale.

Swali: Nina malengelenge ya sehemu za siri yanayorudi kila mara. Nitamdhuru mtoto?

Uwezekano ni mdogo, kwa sababu mama mwenye ugonjwa wa muda mrefu humpa mtoto kinga zake. Hatari kubwa ni kwa anayeambukizwa kwa mara ya kwanza mwishoni mwa mimba. Mwambie mkunga tangu mwanzo. Kwa kawaida mama hupewa asiklovia, dawa ya kutuliza virusi vya malengelenge, kuanzia wiki ya 36, na kama kuna vidonda uchungu ukianza, hushauriwa kujifungua kwa upasuaji.

Swali: Vipi zile dawa za kusafisha kizazi na kuzibua mirija?

Kizazi hakihitaji kusafishwa. Kujiosha ndani ya uke huondoa bakteria wazuri, na wanaofanya hivyo huonekana kupata zaidi maambukizi ya nyonga. Mrija ulioziba kwa kovu hauzibuliwi na kinywaji. Hiyo pesa kapimie mume.