Mkuki wa Filamu: Namna ya Kuuchunguza, Kuutengeneza na Kuuonyesha

Mtu anayesimama mbele ya mkuki uliotumika katika filamu ya visa vya porini huuliza kwanza kama ni wa kweli. Swali hilo lina majibu mawili yasiyofaa kuchanganywa. Mkuki unaweza kuwa silaha halisi iliyofuliwa na mhunzi na usiwe umewahi kupita mbele ya kamera, na unaweza kuwa mpira uliopakwa rangi ilhali ndio huohuo watazamaji waliouona ukirushwa. Kwetu sisi tunaotengeneza propsi, yaani vifaa vinavyoshikwa na waigizaji, uhalisi hupimwa kwa kile kamera ilichokiona.

Nimechagua mkuki kwa sababu mafundi wake tunao jirani. Huko Mamba, upande wa Marangu, wahunzi wa Kichaga wamejulikana kwa miaka mingi kwa kufua mikuki inayobebwa na Wamaasai. Kabla ya kutengeneza chochote, nenda ukautazame mkuki kama huo kwa makini. Kengee yake, yaani bapa la chuma lenye makali, ni ndefu na nyembamba, na katikati ina mgongo unaoipa nguvu bila kuiongezea uzito mwingi. Mahali pa kushikia ni pa mti, na sehemu ya nyuma ni chuma kinachoweza kuchomekwa ardhini. Tazama hasa pale kiganja kinapokaa kila siku: mti umekuwa mweusi na laini kwa jasho na mafuta ya mkono, lakini vidole vinne tu juu yake rangi ya asili ya mti bado ipo. Mpaka huo kati ya palipoguswa na pasipoguswa ndio unaomfanya mtazamaji aamini kwamba kitu kina mwenyewe.

Filamu moja huhitaji nakala kadhaa za kitu kilekile. Ipo ya karibu, inayopigwa picha ikijaza skrini nzima, na hii ndiyo hufanywa kwa chuma na mti halisi. Ipo ya purukushani, ya mpira, kwa ajili ya mapigano na kuanguka. Zipo na za mbali, za mbao nyepesi, zinazobebwa na watu wa nyuma ambao kamera huwapitia haraka. Unapochunguza kifaa, jiulize kwanza kilikuwa cha daraja gani, kwa kuwa kuulaumu mkuki wa mbali kwa kukosa mgongo wa kengee ni kumwonea aliyeutengeneza.

Nakala ya mpira ndiyo yenye kazi kubwa. Laza mkuki wa chuma juu ya udongo wa mfinyanzi, uzame nusu tu, hadi usawa wa makali yake. Toboa mashimo madogo pembezoni mwa udongo ili vipande viwili vya kalibu, yaani umbo tupu la kumiminia, vije vishikane bila kuteleza, jenga kingo kwa mbao, paka mafuta ya mgando kila mahali, kisha mimina plasta. Ikishakauka, geuza, toa udongo, paka mafuta tena juu ya mkuki na juu ya plasta yenyewe, halafu mimina nusu ya pili. Baada ya kuutoa mkuki, usiwe na haraka. Plasta yenye maji ndani huwa ya baridi ukiigusisha shavuni. Ngoja siku kadhaa hadi ubaridi huo utoweke, kwa sababu mpira wa maji, yaani mpira ambao bado ni majimaji, hugandia ndani ya plasta kwa kunyonywa maji yake, na plasta iliyolowa haiwezi kunyonya.

Paka mpira huo kwa brashi tabaka baada ya tabaka katika kila nusu, kisha weka katikati ufito mwembamba wa mwanzi unaokoma shubiri moja kabla ya ncha. Shubiri hiyo ndiyo usalama wa mwigizaji, kwani ncha isiyo na ufito hujikunja inapogusa mwili. Jaza vipande vya sponji laini, funga kalibu, uiache hadi mpira ukauke kabisa. Rangi nayo ina sharti lake. Niliwahi kuipaka kengee ya mpira rangi ya mafuta ya kawaida, nayo ikameguka kama ganda la yai siku ya kwanza ya mazoezi. Tangu hapo huchanganya rangi na mpira wa maji uleule, ili vinyumbuke pamoja.

Kuzeesha ndiko mafundi wengi wanakozidisha. Kitu cha kale hakichakai sawasawa: kingo hupoteza rangi, mabonde huhifadhi uchafu, na sehemu zilizofichika hubaki kama mpya. Punguza makali ya kingo kwa msasa laini, paka rangi ya kahawia iliyozimuliwa kwa maji mengi, kisha ifute kwa kitambaa kabla haijakauka ili ibaki kwenye mikunjo tu. Vumbi lililochekechwa, likishikizwa kwa gundi nyepesi, hukamilisha kazi; lakini chukua vumbi la mahali hadithi inapotokea. Usinunue kitu cha kale cha kweli ili kukiharibu kwa kazi hii. Malikale zetu hapa Tanzania zinalindwa na sheria tangu mwaka 1964, na pembe ya ndovu inayohitajika katika hadithi hufanywa kwa resini.

Ukiletewa kifaa kinachodaiwa kuwa kilionekana katika filamu fulani, kilinganishe na picha za filamu hiyo, kovu kwa kovu. Sanamu ya ndege ya madini ya risasi kutoka filamu The Maltese Falcon ya mwaka 1941, iliyouzwa mnadani New York mwaka 2013 kwa zaidi ya dola milioni 4, ilitambulika pia kwa unyoya wa mkia uliopinda. Hapa kwetu, filamu Hatari! ya Howard Hawks iliyotoka mwaka 1962 ilipigwa kwa sehemu kubwa Momella, chini ya Mlima Meru, na atakayekuja na kipande cha lori la kukamatia wanyama aombwe kwanza aonyeshe ni tundu lipi la skrubu linaloonekana katika picha ipi. Kwa sababu hiyo, usisafishe kamwe kabla ya kulinganisha. Masizi yaliyofutwa hayarudi.

Katika kuonyesha, adui wa kwanza ni mwanga. Kwa ngozi, nguo na karatasi makumbusho hujiwekea kikomo cha lukisi 50 (lukisi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), nao ni mwanga hafifu kuliko watu wanavyodhani; na hapa Arusha, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari ambako jua ni kali zaidi, mwanga wa dirishani haufai hata kwa saa moja. Mpira huathirika pia kwa joto, ukakauka na kupasuka. Wakati wa masika weka vifuko vya kunyonya unyevu ndani ya kabati la kioo, na ukague mti kila mwezi: unga mwembamba chini ya mpini ni dalili ya dumuzi, mdudu anayetoboa mti. Kabati lililopakwa rangi liachwe wazi wiki kadhaa kabla ya kutumika, kwa kuwa mvuke wa rangi mbichi hula madini. Fedha isikae pamoja na mpira, kwani itageuka nyeusi.

Simamisha mkuki kwa vishikizo viwili vilivyovikwa kitambaa, bila gundi wala msumari. Weka wa chuma na wa mpira ubavu kwa ubavu, na kati yao picha ya tukio, kwa kimo na upande uleule kamera iliposimama. Kibao cha maelezo kitaje filamu, mwaka, daraja la nakala, vitu ilivyotengenezwa navyo, jina la mhunzi aliyeufua, na kila palipotengenezwa upya baada ya upigaji picha, hata kama ni uzi mmoja wa mpini.