Kabla hujamrushia jiwe ndege wa bwawani, mtazame mdomo

Mzee mmoja jirani na Mafinga aliniita nikaone "bata weusi" waliokuwa wakimmalizia perege. Manati ilikuwa mfukoni, mawe ameshayapanga ukingoni. Tukajibanza nyuma ya mabingobingo mpaka ukungu ukainuka. Wale bata wake walikuwa kukuziwa, ndege mweusi mwenye paji jeupe kama aliyepakwa chokaa, na chakula chake kikubwa ni majani ya majini. Mwizi alikuwa juu ya kisiki katikati ya bwawa, mbawa kazitandaza kama koti lililoanikwa. Yeye hakuna aliyemshuku.

Huyo wa kisikini alikuwa mnandi. Wengi humchanganya na mbizi, na siwalaumu: wote weusi, wote huzama, na wote huanika mbawa kwa kuwa manyoya yao hulowa, tofauti na ya bata. Angalia mdomo. Wa mnandi umepinda nchani kama ndoana, naye humkamata samaki kwa kumbana. Mdomo wa mbizi umenyooka, umechongoka kama mkuki, na ndivyo anavyoutumia: anachoma. Akiogelea, mara nyingi mwili wote huwa chini ya maji, unaona shingo tu ikienda kama nyoka. Ukiokota samaki aliyekufa ana tundu ubavuni, usimsingizie mnandi.

Kuna na kibisi, kadogo, mviringo, mkia hauonekani. Ukigeuza macho kameshazama, kanaibukia mbali. Hula wadudu, viluwiluwi na samaki wadogo sana. Kwenye bwawa la sato wakubwa mwache. Kwenye bwawa la vifaranga vya samaki, mwangalie.

Weupe ndio wanaotusumbua zaidi, hasa kwa wakulima wa mpunga wa Usangu na Pawaga wanaochimba na bwawa pembeni. Watu huwaita wote yangeyange, kumbe kazi zao ni tofauti kabisa. Yule anayefuata ng'ombe na pawatila ana shingo fupi na mdomo mfupi wa njano. Majira ya kuzaa huota manyoya ya rangi ya chungwa hafifu kichwani, kifuani na mgongoni. Huyo anakula panzi na wadudu wanaofurumushwa na kwato. Kumfukuza shambani ni kujinyima kibarua asiyedai ujira. Mwingine ni mwembamba, mdomo mweusi, miguu myeusi, lakini vidole vya njano, kama aliyekanyaga rangi. Huyo anavua. Hukoroga tope kwa mguu mmoja, samaki wadogo wakishtuka anawadaka. Yule mkubwa mwenye shingo ndefu yenye kona naye ni mvuvi, ila mdomo wake usiutegemee: huwa wa njano, ukifika msimu wa kuzaa hugeuka mweusi. Mtambue kwa urefu, na kwa vidole vyake vyeusi.

Kaa ukingoni alfajiri mbili tatu bila kusogea, uone nani anameza nini. Ukishamjua, ziba njia yake. Weupe hawaogelei kuvua, husimama penye kina kifupi, kwa hiyo chimba kingo ziwe wima, maji yawe na kina tangu pembeni. Mnandi na mbizi hutaka mahali pa kukausha mbawa: ondoa visiki na matawi yaliyoinamia maji. Bwawa la vifaranga lifunike kwa wavu, na wavu uvutwe ukaze. Ukilegea, ndege ananasa na kufa humo. Kamba zilizopitishwa juu ya maji husaidia kiasi. Sanamu ya mtu nayo husaidia siku chache, halafu utamkuta mnandi amekalia kofia.

Sumu usiiweke kabisa. Haichagui kukuziwa wala mbwa wako, na inaingia kwenye maji ya samaki utakaowala mwenyewe. Kuua ndege wa porini bila kibali pia ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009.

Nilipopita tena kwa yule mzee, kisiki kilikuwa kuni jikoni. Kukuziwa wake walikuwepo bado, wanachuna magugu, na manati imetundikwa msumarini.