Chakula cha mchana shuleni: mahindi yakusanywe Juni, si Januari

Kamati nyingi za shule za msingi huku Nyanda za Juu Kusini huitisha kikao cha chakula shule zikifunguliwa Januari. Wakati huo vihenge vimepungua, bei sokoni imepanda, na mzazi anayeombwa debe la mahindi huenda hana hata la nyumbani. Mvua yetu ni ya msimu mmoja na mavuno makubwa ni Juni na Julai. Itisheni kikao Mei, mahindi yakiwa bado shambani.

Nendeni kikaoni na hesabu. Mtoto mmoja akila gramu 120 za mahindi na 30 za maharage kwa siku, siku 194 za masomo zinadai kilo 23 za mahindi na karibu 6 za maharage. Ongezeni kidogo kwa uchafu na yanayobunguliwa: kilo 25 na 6. Shule ya watoto 400 inahitaji gunia 100 za mahindi za kilo 100, na gunia 24 za maharage. Hesabu hii ni ya kande au dona. Mkikoboa kupata sembe, sehemu kubwa ya uzito inaondoka na pumba na chakula kitaisha kabla ya mwaka.

Iandikeni ubaoni wazazi wakiiona, waibishie hapo hapo. Mwenye watoto watatu anaombwa kilo 75, na huo ni mzigo. Aruhusiwe kuleta kwa awamu mbili, Juni na Agosti. Kwa kaya zisizojiweza, tengeni mavuno ya shamba la shule. Muhtasari wenye mahudhurio na sahihi ufike kwa mtendaji wa kata na kwa mkurugenzi wa halmashauri kabla hamjapokea hata kilo moja.

Pokeeni kwa mizani. Debe la nundu, lililorundikwa juu ya ukingo, na debe la kufuta, lililosawazishwa, hutofautiana kwa kilo kadhaa, na ugomvi wa wazazi huanzia hapo.

Kuliko yote, angalieni unyevu, kwa sababu mahindi mabichi huota ukungu unaoleta sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Chukueni chupa kavu ya kioo, tieni vijiko vitatu vya chumvi, jazeni mahindi hadi theluthi, funikeni, tikiseni dakika tatu. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15: rudisheni mahindi juani. Isiposhika, bado yaanikeni siku mbili zaidi, kwani ya kuhifadhi mwaka mzima yanatakiwa yasizidi asilimia 13 hivi. Sehemu zenye ukungu wa hewani kama Makete, chumvi yenyewe huwa na unyevu na kuwadanganya. Ikaangeni kwanza bila mafuta, ipoe, ndipo mpime.

Stoo iwe na chaga za mbao, magunia yasiguse sakafu wala ukuta. Wekeni kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwalimu wa chakula, wa pili kwa mjumbe mzazi. Kila asubuhi kinachotoka kipimwe kwa idadi ya waliohudhuria, si walioandikishwa, kisha wote wawili watie sahihi kwenye leja.

Jikoni, maharage yalowekwe usiku kucha. Mbeya mjini ni takriban meta 1,700 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo maharage makavu hula moto kwa saa nyingi. Mwageni maji ya kulowekea, na chumvi yenye madini joto itiwe mwishoni. Mboga za bustani ya shule zifunikwe kwa nyasi usiku wa Juni na Julai. Sakitu, yaani umande ulioganda kwa baridi, ya Njombe na Mufindi huunguza mchicha usiku mmoja.

Mtoto ambaye mzazi wake hajaleta asitolewe kwenye foleni. Deni lifuatiliwe kwa mzazi, kupitia kwa balozi wa nyumba kumi, na jina la mtoto lisisomwe mstarini. Mtoto aliyeaibishwa kwa sahani huanza kutoroka saa sita, na hapo mmempoteza hata kwenye somo la hesabu la mchana.

Shule ikikaribia kufungwa Desemba, pimeni salio na kulibandika kwenye ubao wa matangazo. Kikao cha Mei kianzie kwenye namba hiyo.