Las Vegas bila kamari, anza hivi

Kama kamari kwako ni haramu au una uchungu tu na hela yako, usiikwepe Las Vegas. Mi naona asiyecheza ndo anaifaidi zaidi, maana vitu vizuri pale Strip, ile barabara kuu ya mahoteli na kasino, vingi ni vya bure na haviko kwenye meza ya kamari.

Kwanza elewa umbali. Ile barabara ina karibu kilomita 7 na mahoteli ni makubwa mno, unaiona moja hapo mbele unasema dakika tano tu, unatembea weee hufiki. Vaa viatu vya maana, beba maji, na kama ni Julai mchana kaa ndani, joto linapita nyuzi 40, toka jioni. Ukichoka kuna vitreni vya bure, kimoja hoteli ya Mandalay Bay hadi ya Excalibur, kingine kinaunganisha hoteli za Park MGM, Aria na Bellagio, na basi la Deuce linapiga ruti saa 24.

Usiku anzia Bellagio. Pale mbele kuna ziwa, maji yanacheza kwa muziki tangu 1998, usiku ni kila robo saa mpaka saa sita. Jamani usiondoke baada ya wimbo mmoja! Nyimbo zinabadilika, kuna za taratibu maji yanayumba kama kanga kwenye kamba halafu ghafla yanapaa juu kwa kishindo unakisikia mpaka kifuani, na upepo ukigeukia kwako unalowa uso. Ukitosheka ingia ndani uangalie juu, dari la mapokezi lina maua ya vioo kama 2,000 ya msanii wa vioo Dale Chihuly, na mbele kidogo kuna bustani ya ndani wanaibadilisha kila msimu, yote bure.

Mkiwa na watoto nendeni hoteli ya Flamingo, kuna flamingo wa kweli na samaki, hakuna kiingilio. Hoteli nyingi lazima ukatize kasino ndo ufike unakoenda, sasa walio chini ya miaka 21 wanaruhusiwa kupita ila sio kusimama kwenye mashine za kamari, kwa hiyo shikeni njia moja kwa moja. Volkano ya kutengenezwa pale hoteli ya Mirage msiitafute, ilifungwa 2024.

Cha kulipia mi ningechagua High Roller, lile gurudumu la mita 167, mzunguko mmoja nusu saa. Panda jua likizama, utaona milima, taa zinavyowaka, na Sphere, ule ukumbi wa maonyesho, lile dude la duara la 2023, unaliona vizuri bila tiketi yake.

Ukipata gari, asubuhi na mapema nenda Red Rock Canyon, kama nusu saa tu, miamba myekundu mitupu na barabara ya kuizunguka kama kilomita 21. Kuanzia Oktoba hadi Mei unabuku muda wa kuingia mtandaoni kabla hujatoka.

Na hoteli, usilipie mpaka uone jumla ya mwisho, kuna ada ya kila usiku juu ya bei ya chumba na paking mara nyingi ni hela nyingine.